Mwalimu, Usimcheke Anayeuliza Habari za Nyani

Jumatatu usiku mwalimu kijana wa Baiolojia aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Leo nimeanza mageuko, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, Kidato cha Nne. Kipindi kizima kimeisha kwa ubishi, na mmoja kaniuliza kama huwa naenda kanisani. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Mwaka 2009 aliyesimama ubaoni hivyo nilikuwa mimi, hapa hapa Mwanza, na sikuwa na wa kumwandikia.

Nilikuwa nimetoka chuo, Darwin, mwanasayansi wa mageuko, na kitabu chake cha 1859 viko kichwani. Nikaingia kwa kishindo: "Binadamu ametokana na nyani." Binti wa dawati la mbele akasimama, mikono nyuma. "Mwalimu, mbona nyani waliobaki hawageuki watu?" Nikamcheka. Darasa zima likamcheka. Akaketi, akafunga daftari, na mpaka mada inaisha hakuandika hata mstari. Wiki iliyofuata baba yake alikuja. Mkuu wa shule aliniita na mbele ya mzee yule akaniambia niwape notisi wanakili, tusonge mbele. Hakuniuliza hata neno moja. Linaniuma mpaka leo, ila lile daftari lililofungwa linaniuma zaidi, kwa sababu binti alikuwa na haki. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Sayansi haisemi tumetokana na nyani unayemwona leo barabarani akinyang'anya watoto ndizi. Inasema sisi na sokwe tuna babu mmoja wa kale, aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mtoto wa shangazi yako hakukuzaa wewe, na wala hatazamiwi kugeuka kuwa wewe. Ningemjibu hivyo yule binti, angeandika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usimcheke. Wa pili: anza na kitu kilichopo mezani.

Mimi naanza na furu, samaki wadogo wa ziwa letu. Nawanunua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na wengine wanafunzi huwavua kwa ndoana kwenye mawe ya ziwani. Furu ana taya la pili ndani ya koo. Litoe, lisafishe, liweke kwenye karatasi nyeupe. Anayekula konokono ana meno ya kooni manene, butu, kama magego. Mwenzake wa mawe ana safu za meno madogo mdomoni, ya kukwangua mwani. Ziwa Victoria lina aina zaidi ya 500 za furu, au lilikuwa nazo kabla ya sangara kupandwa miaka ya 1950 na kuwafyeka wengi. Na wanajiolojia wamegundua kwamba ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Aina zote hizo, na meno yote hayo, kwa muda mfupi kiasi hicho! Waache wanafunzi wenyewe waseme imekuwaje.

Watakuambia, "Lakini mwalimu, wamebaki samaki." Ni kweli, kubali. Usikwepe. Ndipo uwapeleke Oldupai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959. Waeleze umri wake wa miaka milioni 1.75 ulivyopatikana: kwenye majivu ya volkano ya tabaka lile kuna potasiamu inayogeuka gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni letu, jamani! Inakuwaje Mtanzania alione ni jambo la Wazungu?

Kuhusu kanisa, mimi naimba kwaya na sijawahi kuficha. Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba si haramu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, mradi tukiri roho yaumbwa na Mungu. Wapo waumini wenzangu wasiokubali hata hilo. Siwatukani, tunashiriki benchi moja Jumapili. Lakini darasani mtoto anastahili ushahidi, na mwalimu anayeogopa kuuonyesha anamwibia. Tusiwe wezi, walimu wenzangu. Tuheshimu imani zao na tuwape kilichothibitishwa.

Jumamosi nunua furu wabichi, si wa kukausha. Toa taya kwa wembe, lioshe, lianike juani siku moja. Kisha kwenye kipindi kijacho mwombe yule aliyekuuliza habari za kanisa aje mbele akushikie lile taya.