Padre, nimeungama: mbona kosa bado naliona?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nilimdhulumu mdogo wangu sehemu ya shamba la urithi. Baadaye nilimrudishia, nikaenda kuungama, nikapewa maondoleo. Lakini kila nikipiga magoti Misani naliona kosa lile kama limeandikwa mbele yangu. Je, nimesamehewa kweli?

JIBU: Milele, amina. Ndiyo, mwanangu, umesamehewa.

Neno lako hilo, "limeandikwa", ni la zamani. Nabii Yeremia alisema dhambi ya Yuda "imeandikwa kwa kalamu ya chuma, na kwa ncha ya almasi" (Yer 17:1). Wamonaki wa Ulaya wa karne ya 12 waliielewa lugha hiyo kwa mikono yao, maana walikuwa wakinakili vitabu juu ya ngozi ya ndama au ya kondoo. Mnakili alishika kalamu ya unyoya mkono wa kulia, na wa kushoto kisu kidogo. Akikosea herufi, huikwangua. Hubiri moja la karne hiyo, lililotunzwa Durham, Uingereza, linasema ngozi hiyo ni dhamiri safi, na kisu kinachoikwangua ni hofu ya Mungu.

Lakini wino ukishazama? Hapo ndipo ulipo wewe, na Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alipafika kabla yako. Akiwahubiria wanafunzi wa Paris, mwaka 1140 hivi, aliuliza: kumbukumbu yangu ni ngozi nyembamba iliyokwisha kunywa wino, nitaifutaje? Nikikwangua, itachanika kabla maandishi hayajatoka. Akajibu kwamba kisu kinachoiweza kazi hiyo ni kimoja tu, Neno la Mungu lenye ukali kuliko upanga, linaposema: "Umesamehewa dhambi zako." Neno hilo haliondoi kumbukumbu, bali huondoa doa. Unalikumbuka kosa, lakini halikuchafui tena.

Kwa hiyo nakusihi, usirudi kuungama dhambi ile ile kila mwezi. Huko ni kuikwangua ngozi mpaka itoboke, na ngozi yenyewe ni roho yako, aliyoifia Kristo. Likikujia Misani, mtaje mdogo wako mbele za Mungu, umwombee yeye na watoto wake, kisha uendelee na Misa. Na kama tangu umrudishie shamba hamjakaa kula pamoja, nenda kwake Jumapili hii.