Umezoea Skyrim, Unaitamani Far Cry 3? Njoo Tuongee Kwanza

Ni yaleyale kila siku. Mtu amemaliza Skyrim, gemu la RPG (la kukuza mhusika leveli kwa leveli), mara mbili, anaichukua Far Cry 3, gemu la kupiga risasi, kwa kuwa ina visiwa vikubwa, XP (pointi za uzoefu) na skili za kufungua. Baada ya saa nne analalamika kwamba gemu ni bovu, anakufa ovyo. Gemu si bovu, mdogo wangu. Umeingia baharini na baiskeli.

1. Jiulize kule Skyrim ulikuwa nani. Kama ulikuwa yule wa kuinama gizani na upinde, mshale mmoja mtu mmoja, ichukue leo hii. Kama raha yako ilikuwa kuongea na watu, kupima jibu la kutoa, kujiunga na kundi hili ukalisaliti lile, huku hakuna hayo. Jason Brody, mhusika unayemcheza, ni Jason Brody, na uamuzi wenye uzito unakuja mmoja tu, mwishoni kabisa. Wewe anza na Fallout: New Vegas ya 2010: bunduki zipo, maneno yapo, na V.A.T.S., mfumo wake wa kulenga, inakusimamishia muda uchague kupiga mguu au kichwa. Mpenda namba zinazoruka na bunduki za kuokota, Borderlands 2.

2. Leveli haitakuokoa. Hapa ndipo panapouma, na tusidanganyane, wengi tuliotoka kwenye RPG tumelipa ada hapa. RPG imekufundisha kwamba adui akikushinda unaenda kupanda leveli, unarudi kumwonyesha. Basi mtu anapigwa kwenye kambi ya maharamia, anazunguka kuwinda na kutafuta XP, anarudi na bunduki kubwa zaidi, anapita lango lilelile. Risasi ya kwanza haina sailensa (kifaa cha kuzima mlio). Haramia mmoja anakimbilia alamu, king'ora kinalia, gari linaingia limejaa watu. Jamaa anajificha nyuma ya kibanda, anajidunga sindano ya mwisho, anakufa. Halafu anarudi. Lango lilelile! Haramia hana leveli, jamani. Risasi ya kichwa inamwangusha saa ya kwanza kama inavyomwangusha saa ya ishirini. Mgumu ni yule mwenye mavazi ya chuma.

Acha gari mbali. Panda mwinuko, toa kamera, mulika kila adui mpaka alama ishike kichwani mwake. Baada ya hapo unamwona hata nyuma ya ukuta. Tazama mbwa wako wapi. Tafuta masanduku ya alamu: ukilipiga risasi unaua hilo moja tu, ukilizima kwa mkono yanazima yote. Kwa hiyo njia yako ni ile inayofika kwenye sanduku, hata kama ni ya kuzunguka. Aliyesimama peke yake aende kwa kisu, wawili wanaopiga soga watenganishe kwa kurusha jiwe. Ukiona chui kwenye kizimba, piga kizimba, kaa pembeni, mwachie kazi. Na kichekesho ni kwamba ukikomboa kambi bila kuonekana, XP uliyokuwa ukiihangaikia inamiminika.

3. Usikimbilie kununua bunduki. Minara ya redio ni 18, na kila unaopanda unafungua ramani na kukuletea bunduki ya bure dukani. Pesa ni ya sailensa na risasi.

4. Winda ngozi mapema, ushone mifuko ya kubebea vitu. Unaanza na nafasi ya bunduki moja, unafika nne kwa kushona. Pochi ikijaa, pesa za maiti huwezi kuzichukua. Nyie mliozoea kubeba kila kijiko na kila jibini kule Skyrim, mfuko utajaa kabla hamjaondoka ufukweni.

5. Usisafishe kambi zote 34 ukaacha hadithi. Skili nyingi zinafunguliwa na misheni za hadithi, na eneo ulilokomboa maharamia wanapungua, kwa hiyo unabaki na kisiwa kizuri kisicho na mtu wa kupigana naye. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka Ubisoft, watengenezaji wake, wakaleta sasisho la kurudisha kambi upya.

6. Kabla ya kuogelea, tazama maji. Mamba hajali umebakiza skili ngapi.