Sayansi ya bahari au ualimu?
Mdogo wangu, unauliza kama shahada ya sayansi ya bahari ina kazi, au ubaki na ualimu. Kazi ipo, ila nyingi ni za mradi: fedha za mfadhili zikikatika, mkataba nao umekwisha. Kabla hujaamua, fika Gazi, kusini mwa Mombasa. Pale kuna Mikoko Pamoja, mradi wa kijiji wa kutunza mikoko. Tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ya ukaa ya mikoko yao, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo inafyonza na kuihifadhi, na mapato yanasaidia maji na shule. Omba kujitolea siku ya bamvua, maji yakipwa. Utatanda kamba, utaweka fremu ya mraba, utahesabu miche, tope magotini na mbu masikioni. Ukitoka hapo bado unacheka, jaza fomu ya shahada hiyo. Na somo la takwimu, anza kujifunza mapema. Mimi nililikwepa, likaja kunitoa jasho kwenye tasnifu.