Vim: nimefunga dirisha, mbona faili bado lipo?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimehamia Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi, kwa sababu kazi zangu nyingi ziko kwenye seva na nazifanyia kwenye terminali. Faili likiwa moja sina shida. Tabu inaanza mradi ukiwa na mafaili mengi. Naandika :q nikidhani nimefunga faili, kumbe bado lipo kwenye orodha. Nikitaka kufungua lingine kwa :e napata "E37: No write since last change". Nikaamua kila faili nilifungulie kichupo chake kama kwenye kivinjari, navyo vimejazana hadi majina hayasomeki. Wenzangu mliozoea mnafanyaje?

JIBU: Njema, ndugu. Usumbufu wote huo una chanzo kimoja: unachukulia dirisha na faili kuwa kitu kimoja. Ukifungua faili, Vim husoma maandishi yake na kuyaweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hayo yaliyo kwenye kumbukumbu ndiyo bafa, na ndiyo unayoyahariri mpaka utakapoyahifadhi kwenye faili kwa :w. Dirisha ni mahali pa kuitazamia bafa, basi. Ukifunga dirisha la nyumba, chumba hakiendi popote.

Jaribu hivi ujionee. Fungua faili refu, kisha andika :sp bila jina lolote. Skrini itagawanyika na utaona faili lilelile mara mbili. Dirisha la juu liache mwanzoni mwa faili, la chini lisogeze mistari michache tu. Sasa badilisha neno kwenye mstari unaoonekana pande zote mbili: litabadilika kotekote papo hapo, kwa kuwa bafa ni moja. Mimi hutumia sana njia hii ninapoandika msimbo unaoita kitu kilichoelezwa mistari mia tatu juu yake.

Tukija kwenye E37. Vim, isipoelekezwa vingine, haikubali uiache bafa yenye mabadiliko ambayo hujayahifadhi, ikiwa hakuna dirisha jingine linaloionyesha. Weka mstari huu kwenye .vimrc yako, yaani faili la mipangilio ya Vim:

set hidden

Kuanzia hapo bafa inaweza kukaa nyuma ya pazia na mabadiliko yake. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: bila mpangilio huo, bafa unayoiacha hutolewa kwenye kumbukumbu, na historia ya kutengua kwa u hupotea nayo. Wanaotumia Neovim, programu iliyotokana na Vim, hawahitaji kuandika chochote, kwa sababu kule imewashwa tangu mwanzo.

Ukishafanya hivyo, amri utakayoishi nayo ni :ls. Itakupa kitu kama hiki:

  1 #h + "malipo.py"       line 42
  2 %a   "wateja.py"       line 7
  3      "majaribio.py"    line 0

Alama ya % ni bafa uliyomo sasa, na # ni ile uliyotoka. Herufi a inamaanisha imepakiwa na inaonekana dirishani. Herufi h inamaanisha imepakiwa lakini imefichwa. Alama ya kuiangalia kwa makini ni +, maana hiyo bafa ina mabadiliko ambayo hayajafika kwenye diski. Hiyo ya tatu haina herufi yoyote: Vim inalijua jina lake ila bado haijalisoma.

Kuhama, andika :b 1, au kipande cha jina, mfano :b mal, ubonyeze Enter. Ikiwa kipande hicho kinapatikana kwenye majina zaidi ya moja, bonyeza Tab uchague. Kurudi ulikotoka na kwenda tena ni Ctrl-^, ambayo kwenye kibodi nyingi ni Ctrl-6. Hii moja tu itakupunguzia kazi kuliko vichupo vyote ulivyovifungua.

Madirisha yafungue pale tu unapohitaji kuona vitu viwili kwa wakati mmoja. :sp hugawa kwa ulalo, :vs kwa wima. Kuhama ni Ctrl-W ikifuatiwa na h, j, k au l; Ctrl-W = husawazisha ukubwa; Ctrl-W o hubakiza ulilomo peke yake. Dirisha jipya hufunguka juu au kushoto, jambo ambalo binafsi linanikera, kwa hiyo naongeza set splitbelow splitright. Ila kama terminali yako iko ndani ya kivinjari, kuwa mwangalifu: Ctrl-W huenda ikafunga ukurasa mzima kabla Vim haijaipata. Hapo tumia :wincmd l na wenzake.

Vichupo vya Vim vilikuja na toleo la 7 mwaka 2006, na havikukusudiwa kubeba faili moja moja. Kila kichupo ni mpangilio wa madirisha. Kimoja kinaweza kuwa na msimbo na majaribio yake ubavuni, kingine kikawa na mafaili mawili unayoyalinganisha kwa :windo diffthis. Viwili au vitatu vinatosha.

Kuondoa bafa kwenye orodha ni :bd. Tatizo lake ni kwamba hufunga na dirisha linaloionyesha, na mpangilio wako unavurugika. Ukitaka dirisha libaki, rudi kwanza kwenye bafa iliyotangulia, ndipo uiondoe ile uliyotoka:

:bp | bd #

Lipo jambo moja la hatari linalokuja na hidden. Ukizoea kutoka kwa :qa!, utatupa mabadiliko ya bafa zote zilizofichwa, pamoja na zile ulizokwisha zisahau. Ukiwa na uhakika na kila ulichobadilisha, toka kwa :wqa. Ukiwa na shaka, andika :confirm qa; Vim itakuuliza bafa moja baada ya nyingine kama uihifadhi au uiache. Na kama kesho utaendelea na mradi huohuo, kabla ya kutoka andika :mksession kazi.vim. Ukirudi, anza na vim -S kazi.vim, nayo madirisha, vichupo na orodha ya bafa vitafunguka kama ulivyoviacha.