Kilima cha ukoo na karatasi ya mazingira

SWALI: Shikamoo mama. Naandika kutoka Magu. Tuko kikundi cha watu kumi na wanne, wanawake tisa na wanaume watano, tunagonga kokoto kwenye kilima cha ukoo wa mume wangu. Tulihangaika mpaka tukapata leseni ya uchimbaji mdogo. Sasa amekuja afisa, anatudai mpango wa mazingira. Kuna kijana mjini mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, anasema atatutengenezea kwa laki mbili na nusu, tunachukua kesho yake, wala hana haja ya kufika kilimani. Tumpe? Na kwa nini tudaiwe sisi wenye nyundo na moto wa kuni, wasibanwe wenye mitambo mikubwa? Sisi tunaharibu nini? Mawe alituachia babu. Mwakani tukijaliwa tunataka kukodi krasha, ile mashine ya kusaga mawe. – Mama wa kikundi, Magu

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimpe.

Miaka michache iliyopita nililetewa mpango wa namna hiyo niusome, wa machimbo ya kilimani huku huku kwetu Kanda ya Ziwa. Ukurasa wa tisa ulieleza jinsi mwenye leseni atakavyolinda mikoko. Kutoka kilima kile hadi baharini ni safari ya siku nzima kwa basi. Aliyeandika alichukua karatasi za machimbo ya pwani akabadilisha jina la kijiji, basi. Mkaguzi alipofika akauliza hiyo mikoko iko wapi, na akina mama waliochanga hela zao walikuwa hawajawahi kulisikia neno lenyewe. Walisimamishwa kazi kiangazi chote, na kiangazi ndipo watu wanapojenga. Niliumia sana, kwa sababu wale akina mama hawakuwa wakaidi. Walilipa wakiamini wametii sheria.

Tuanze na mawe ya babu. Ardhi inaweza kuwa ya ukoo, lakini madini yaliyomo ni mali ya umma, na mawe ya kujengea, kokoto, mchanga na moramu vyote vinahesabika kuwa madini. Ndiyo maana ofisini mnasikia wakisema "madini ujenzi". Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ndiyo iliyowapa hiyo leseni yenu ndogo, ambayo ni ya Mtanzania peke yake na inadumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Kwa leseni ya ngazi yenu hawawadai Tathmini ya Athari kwa Mazingira kama ile ya mgodi mkubwa. Kanuni za mwaka huo huo wa 2010, zilizotungwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo, zinawataka mchunguze eneo lenu lilivyo, kisha muandae Mpango wa Utunzaji wa Mazingira. Afisa aliyekuja alikuwa anadai huo, na ana haki.

Unauliza mnaharibu nini na nyundo. Naomba nikujibu kwa mama yangu mzazi, kwa sababu nimekulia kwenye kokoto, Mwanza, chini ya vilima vya mawe ambavyo wageni hupiga picha. Mama alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chini ya kivuli cha viroba vilivyoshonwa pamoja. Mkono wa kushoto alishika pete aliyoikata kwenye mpira wa tairi, anaizungushia jiwe ili lisiruke wala nyundo isimponde vidole. Mkono wa kulia nyundo. Kila pigo linatoa kijivumbi cheupe, kidogo hivi, kama unga unaotoka kwenye chekecheo, na kilikuwa kinampanda moja kwa moja usoni. Jioni kope zake zilikuwa nyeupe. Alikohoa miaka sita. Zahanati ilimpa dawa za kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili kikohozi kikabaki pale pale. Hakuna aliyewahi kumuuliza: mama, unafanya kazi gani?

Mawe ya kwetu ni graniti, na graniti imejaa silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga. Vumbi lake laini, lile usiloliona, ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine. Kwa hiyo mazingira ya kwanza yanayoharibika kwenye machimbo madogo ni kifua cha mgongaji. Khanga mnazojifunga puani hazizuii vumbi laini. Maji ndiyo yanayosaidia: lowesheni mawe kabla ya kugonga, mwagieni sehemu ya kukalia, kaeni upande upepo unakotoka, na watoto wachanga wasilazwe karibu na lundo. Hilo liwe ukurasa wa kwanza wa mpango wenu. Na yeyote kati yenu anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende hospitali, na akifika amwambie daktari kwa mdomo wake kwamba anagonga kokoto, asingoje kuulizwa.

Sasa mpango wenyewe. Tafuteni kamba ya mita 20 na daftari, mpande kilimani wote kumi na wanne, siku moja ya kazi ipotee. Pimeni kutoka shimo lilipo hadi nyumba ya kwanza, ikiwemo iliyohamwa kwa muda. Ikiwa ni chini ya mita 200, Sheria ya Madini inataka ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Shamba lililolimwa lililo ndani ya mita 50 nalo hivyo hivyo. Makaburi msiyaguse kabisa mpaka mruhusiwe. Kisha shukeni hadi kwenye mto au mwambao wa ziwa, kama upo karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60. Hapo msidhani ridhaa ya jirani itawasaidia, kwa sababu ukingo si wa jirani.

Mkiwa hapo juu angalieni mambo mengine ambayo kijana wa kopi hawezi kuyaona akiwa dukani. Maji ya mvua yanashukia wapi? Udongo mweusi wa juu mnautupa au mnautenga? Utengeni pembeni, mtauhitaji siku ya kufukia. Kuni za kuchomea mawe zinatoka wapi, na je, kuna anayechoma tairi kuukuu? Moshi wa tairi ni sumu kwenu na kwa walio upande upepo unakoelekea, uacheni leo, msingoje mpango. Angalieni pia kama mnachimba uvungu, yaani mnakula jiwe kwa chini huku la juu limening'inia. Nimeona wanaume wakifanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Anzeni juu, mshuke kwa ngazi, hata kama kazi inakuwa ndefu.

Halafu shimo. Mvua za masika zikipita, shimo la mawe halinyonyi maji. Linabaki bwawa lenye kingo zilizosimama wima, na mtoto akiteleza hana pa kushika. Andikeni ni lini mtaanza kufukia, kwa kifusi gani, na nani kati yenu ana jukumu hilo. Kabla ya hapo, tuta la mawe na miiba kuzunguka shimo ni kazi ya siku mbili.

Mkishayajua hayo, mtafuteni mtu anayejua kuandika vizuri, hata mwalimu wa sekondari, aandike mnayomweleza. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi itawapa mpangilio wanaoutaka. Ambatanisheni ridhaa za majirani na muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye sahihi za watu waliohudhuria kweli. Wengi hukwama kwenye huo muhtasari, kwa sababu mtendaji aliandika majina akiwa mezani kwake na wanakijiji hawakuitwa.

Krasha ni habari nyingine. Siku mtakapoleta mashine ya kusaga mawe, au mkaanza kutumia baruti, vumbi, kelele na mtikisiko vinaongezeka na mradi unabadilika sura. Kabla hamjalipia kukodi krasha, nendeni ofisi ya kanda ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, hapo Mwanza, muwaeleze mnachotaka kufanya. Kanuni za tathmini za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinapanga miradi kwa uzito wa athari, na wao ndio watakaosema mradi wenu unaangukia wapi. Wakiwataka mfanye tathmini, inafanywa na mtaalamu elekezi aliyesajiliwa. Mwombeni awaonyeshe cheti chake, na asiyetaka kupanda kilimani asipewe kazi.

Bado sijakujibu lile la wenye mitambo mikubwa. Nakubaliana nawe kwamba wanapaswa kubanwa kuliko ninyi. Lakini udogo nao una hatari yake, na India walishaijua. Kule jimbo la Haryana maeneo ya kuchimba mawe, kokoto na mchanga yalikuwa yanakatwa vipande vya chini ya hekta 5, kwa sababu kipande cha chini ya hapo hakikuhitaji kibali cha mazingira. Tarehe 27 Februari 2012 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba hata vipande hivyo vidogo vipate kibali, kwa kuwa ukivijumlisha ni mlima mzima unaoondoka. Nimesimama kwenye vilima vya huku vyenye leseni ndogo sita, saba, zimepakana. Kila kikundi kinasema "sisi ni wadogo", na kijito cha chini kimeshajaa vumbi hadi ng'ombe hawanywi. Kama kilimani kwenu kuna vikundi vingine, kaeni nao mpange njia moja ya malori na sehemu moja ya kutupa kifusi. Gharama mtagawana.

SWALI: Mimi niko Unguja, nina shamba lenye mawe mazuri ya kujengea, nataka kuchimba nijiuzie mwenyewe. NEMC wana ofisi huku? – Msomaji, Wilaya ya Kati

JIBU: Huko si kwa NEMC, ndugu yangu. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake, Sheria Namba 3 ya mwaka 2015, na mamlaka yake, ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Nenda kwao kabla hujaweka mtaimbo ardhini. Kisiwa ni kidogo, na shimo lililo karibu na kisima cha jirani linaweza kumharibia maji, kwa sababu mawe ya matumbawe yana matundu na kila kinachomwagika juu kinashuka haraka.

SWALI: Shikamoo. Naishi upande wa Lugoba, Chalinze. Jirani yetu kuna machimbo yenye krasha na wanalipua. Ukuta wangu umepasuka kuanzia dirishani hadi chini. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa "tuna vibali vyote". Nifanye nini? – Baba Mwenye Nyumba

JIBU: Marahaba. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimesimama juu ya kokoto za Lugoba, na nyumba za Lugoba zinapasuka ili hizo zijengwe. Jambo hilo linaniuma kila nikipita barabara ya Segera na kuona yale malori yamepanga foleni.

Kuwa na vibali si kinga. Cheti cha mazingira hutolewa pamoja na masharti: saa za kulipua, umwagiliaji wa barabara na krasha, taarifa kwa majirani, king'ora. Andika barua kwa machimbo, nakala kwa NEMC, Afisa Madini Mkazi na ofisi ya kijiji, uombe kuonyeshwa masharti hayo na uulize aliyefyatua ana cheti cha kulipua. Omba pia wakaguzi waje kupima mtikisiko siku ya mlipuko. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Hutakiwi kungoja nyumba ianguke.

Lakini ukifika ofisini na maneno tu, utarudishwa na maneno. Anza leo. Chukua penseli, weka alama ya mstari mwembamba pale ufa unapoishia, andika tarehe ukutani hapo hapo. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni ya ufa. Kila mlipuko, andika kwenye daftari siku, saa, kama king'ora kililia, na vyombo gani vilitikisika kabatini. Majirani wenye nyufa nao wafanye hivyo, kila mmoja daftari lake na mwandiko wake. Baada ya mwezi mmoja yakusanyeni, mwende nayo pamoja. Saa zikifanana kwenye madaftari kumi, mkaguzi ataziona mwenyewe.