Riwaya tatu, feri moja: jibu langu kwa kijana wa Kisauni

Mwanangu wa Kisauni, umeuliza mambo matatu: nilianzaje kuandika, kama riwaya zinanilisha, na huandikia wapi humu Mombasa. Ukaweka na ukurasa wa kwanza wa muswada wako. Nimeusoma mara mbili. Nitajibu yote, ila nitaanza na hilo la mwisho, la wapi, maana kwangu mimi hayo mengine yametoka humo.

Nilikulia kwa nyanya yangu Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao iliyotazama kichochoro, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Chini ya roshani palikuwa na baraza. Baada ya alasiri wazee walikuja wakakaa, muuza kahawa akatua dele lake, vikombe vikagongana, na mazungumzo yakafunguka: bei ya nguru, mahari ya fulani, kaskazi imechelewa, nani kagombana na nani kwa ajili ya ukuta. Mtoto wa kike hakuwa na nafasi barazani. Nafasi yangu ilikuwa juu, nyuma ya vibao, sinia ya mchele mapajani nikichagua mawe. Nyuso sikuziona. Nilisikia sauti tu, na kwa miaka nikajifunza kumjua mtu kwa namna anavyoingia katika sentensi. Palikuwa na mzee mmoja ambaye hakuwahi kusema "la". Alisema "haya, na iwe", kisha akanyamaza, na baraza zima likajua amekataa na hatageuka.

Huo ndio uandishi wangu wote. Mpaka leo, nikimaliza mazungumzo ya wahusika, nayafunika majina yao kwa kipande cha karatasi na kuyasoma. Nikishindwa kujua nani anasema, nayafuta.

Lakini kujua jambo na kulitenda ni vitu viwili. Riwaya ya kwanza niliianza nikiwa na miaka 26, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na iliniramba miaka mitatu ya usiku. Mchapishaji wa kwanza alikaa na muswada miezi 19, ukarudi na barua ya mistari miwili. Wa pili aliukubali. Mhariri aliyenipokea alikuwa makini na mwenye adabu, na kalamu yake nyekundu ilipita kwenye kila kinywa cha wahusika wangu. "Yuwaja" ikawa "anakuja". "Mato" yakawa "macho". "Wendapi?" ikawa "Unakwenda wapi?" Nami nikatia sahihi kila ukurasa, kwa furaha ya kuchapishwa. Kitabu kilipotoka nilimpelekea shangazi yangu nakala ya kwanza. Alikisoma siku mbili, akanirudishia akasema, "Kizuri, mwanangu. Lakini hawa si watu wetu, hawa ni watu wa redio."

Neno hilo lilinikaa kifuani mwaka mzima. Nikaenda kusoma, nikitaka kujua nani aliamua kwamba tunavyosema nyumbani si sahihi. Nikakuta kwamba uamuzi wa kufanya Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifikiwa katika mkutano wa mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika papa hapa Mombasa. Mji uliokuwa na lahaja yake, Kimvita, mji wa mshairi Muyaka bin Haji na tungo zake za karne ya 19, ndio uliotoa ukumbi. Sisemi haya kwa chuki. Nakipenda Kiswahili sanifu, ndicho kinachoniwezesha kusomwa Kigoma na Kisumu. Lakini barabara ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu mpaka leo, imeandikwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuisahihisha ikawa Njia Kuu. Basi kama barabara imeachiwa lahaja yake, mhusika wangu anyimwe kwa nini?

Kwa riwaya ya pili nilimwandikia mhariri yuleyule barua, nikamweleza hivyohivyo: masimulizi yabaki sanifu, vinywa vibaki Kimvita, na kusiwe na orodha ya maneno mwishoni. Alikubali kwa sharti moja: neno lolote ambalo msomaji wa bara hawezi kuliotea kutokana na sentensi yenyewe, litoke. Nilikasirika kwanza. Baadaye nikaona kwamba sharti lile lilikuwa zawadi. Lilinilazimu kujenga kila sentensi ili ibebe neno lake, na lile tu lililokuwa pambo likaanguka lenyewe.

Sasa feri. Niliolewa Likoni, ng'ambo ya kisiwa, nikawa navuka kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, miaka 11. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Kungoja ndiko kurefu. Abiria wa miguu hatulipi, kwa hiyo hapo kuna kila mtu: wanafunzi, makuli, mama wa samaki na beseni lake, mwalimu mwenye suruali iliyopigwa pasi, mikokoteni inayoomba njia. Lango likifunguliwa watu humwagika kwenye mteremko kama maji, kisha mnasimama bega kwa bega na hamna pa kwenda. Mtu aliyesimama hivyo husema. Atamwambia asiyemjua habari ambayo hajamwambia mumewe, kwa sababu anajua ng'ambo mtaachana. Riwaya yangu ya pili karibu yote niliiandika katika madaftari ya shule, nimeegemea chuma cha feri au nimekaa pale pa kungojea. Sikuandika habari za watu. Hilo nakukanya mapema: siri ya mtu si mali yako. Nilichukua namna walivyokatiza maneno, pale waliponyamaza, neno walilolikwepa.

Na kuna maji yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Nilikuwa bado shule. Miaka mingi baadaye nilijuana na mama mmoja ambaye kila akivuka husimama kaupa bahari mgongo, uso kwenye magari. Sikumuuliza. Siku moja alisema tu, bila ya kunitazama, "Mimi na hii tushaonana." Nilishuka feri nikapitiliza kituo cha matatu bila kujua. Mhusika mkuu wa riwaya yangu ya pili alizaliwa siku ile. Si yule mama, na nilijitahidi sana asiwe yule mama, lakini mgongo ule nimeuazima, na mpaka leo najiuliza kama nilikuwa na haki.

Daraja la Liwatoni, la kuelea na la waendao kwa miguu, lilipofunguliwa mwaka 2021, nilifurahi kama kila mtu. Nililipita wiki mbili. Watu pale walitembea, macho mbele, kila mtu na hatua zake. Nikafika kisiwani na daftari tupu. Nikarudi kwenye feri.

Leso nazo zimenifundisha, na zinanunuliwa Barabara ya Biashara. Mnunuzi wa kweli husoma jina la leso kabla ya kuangalia rangi. Nimesimama kwenye maduka yale saa nzima nikisoma tu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama namtafutia mtu ugomvi. Maneno matano sita, na ndani yake mna mke mwenza, jirani na kosa la mwaka jana. Majina ya riwaya zangu mbili za mwisho niliyatunga kwa kipimo hicho. Marikiti huenda kununua bizari tu. Kuna kelele mno na mimi huvutwa na bei.

Pa kukaa nikaandika kwa utulivu ni Lighthouse, pale ukingoni mwa bahari, lakini Jumapili alfajiri, kabla ya watu wa mihogo kuwasha jiko. Nakaa chini ya mibuyu, mgongo kwa barabara. Meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu hata unaona mtu akitembea juu yake. Pale siandiki kipya, nasoma kwa sauti nilichoandika wiki nzima. Miezi ya kusi upepo unakupiga usoni na kuyachukua maneno, hata mpita njia hasikii. Sentensi ndefu isiyo na mahali pa kuvutia pumzi hukatika yenyewe mdomoni, nami naiwekea alama. Jua likipanda nanunua muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu tele, nakwenda zangu.

Umeuliza kama inalisha. La. Mrabaha wa kwanza haukutosha kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Mkataba wangu ni asilimia 10, na hesabu huja mara moja kwa mwaka. Kenya hii riwaya ya Kiswahili inauzwa hasa ikiingia shuleni, na mchapishaji aliniambia wazi kwamba vinywa vya Kimvita vingeifanya ya pili isipelekwe huko. Nilichagua nikijua. Nakula kwa kutafsiri nyaraka na kuhariri miswada ya wengine, na kazi ya ukarani niliiacha nikiwa na miaka 41, si kabla. Wewe usiache kazi yako sasa.

Mawili ya mkataba uyashike. Usiuze muswada kwa fedha za mkupuo, hata wakikuonyesha noti mezani. Rafiki yangu alifanya hivyo na kitabu chake kimechapwa tena na tena, yeye anakinunua dukani kama mtu baki. Na dai kifungu cha haki kukurudia, kitabu kikikaa bila kuchapishwa tena. Mimi sikudai kwenye ya kwanza, na sasa haipatikani popote wala siruhusiwi kuitoa upya.

Muswada wako ukikamilika, tazama tuzo ya Safal-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili. Ilianza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na uzuri wake ni kwamba inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Jomo Kenyatta ina fungu la Kiswahili pia, lakini hiyo ni ya vitabu vilivyokwisha kutoka.

Sasa ukurasa wako. Mandhari yako ni mazuri mno, na ndiyo shida: aya nne za machweo, bahari na minazi, na mtu wa Kisauni hasimami kutazama minazi. Wahusika wako wawili wanazungumza kama wasoma taarifa ya habari. "Ningependa kufahamu sababu za wewe kuchelewa" hakuna mke aliyewahi kuyasema hayo mlangoni, wa Kisauni wala wa kwingine. Ila karibu na mwisho kuna yule bibi muuza viazi karai, humkutaji jina, anapita mara moja tu, anamwambia kijana: "Wendapi na jua hili, na mamako hajui?" Hapo nilikaa sawa. Nilitaka kujua bibi huyu amejuaje kwamba mama hajui, na kijana atamjibu nini, na wewe ukamwacha akaenda na beseni lake.

Futa aya zote zilizo juu yake. Anza na yeye, umwache kijana amjibu, kisha niletee kurasa kumi.