Nimeunganisha pochi ya kripto, nikaogopa, nikajitoa. Nipo salama?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina Trust Wallet kwenye simu, humo nimeweka USDT (kripto inayofuata thamani ya dola) za mtandao wa BNB. Juzi nilitaka kubadilisha USDT 50 ziwe BNB, sarafu ya mtandao huo, kwenye PancakeSwap, soko la kubadilishana kripto. Nikaunganisha pochi vizuri, kisha ikaja skrini nyingine ikitaka niruhusu mkataba fulani (programu iliyowekwa kwenye mtandao wa BNB) utumie USDT zangu, na sehemu ya kiasi imeandikwa "Unlimited". Nikashtuka, nikakataa, nikabonyeza "Disconnect". Je, kule kuunganisha tu kunatosha mtu kunikomba? Na kwa kuwa nimeshajitoa, nipo salama?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa hicho ulichofanya hujapoteza kitu. Ombi ulilolikataa halikufika kwenye mtandao wa BNB, liliishia kwenye simu yako. Ila jibu langu lingekuwa tofauti kabisa kama ungekubali kwanza halafu ndiyo ukajitoa. Hapo ndipo wengi wanapolizwa, kwa sababu wanadhani "Disconnect" inafuta kila kitu.

Kuunganisha pochi ni sawa na kumpa mtu namba yako ya M-Pesa: anajua pa kukutumia maombi, lakini PIN unayo wewe. Dapu, yaani programu ya mtandaoni inayotumia pochi yako, kama PancakeSwap, inapata anwani yako na inajua uko mtandao gani, basi. Salio na historia ya miamala inaviona pia, lakini hivyo hata mimi nikiwa na anwani yako naviona kwenye BscScan, tovuti inayoonyesha miamala yote ya mtandao wa BNB. Iwe umeunganisha kwa kivinjari kilicho ndani ya pochi au kwa WalletConnect, njia ya kuunganisha pochi na dapu, mambo ni yaleyale. Hakuna pesa inayohama mpaka wewe usaini kitu. Kwa hiyo macho yako yasiwe kwenye kitufe cha kuunganisha, yawe kwenye skrini inayokuja baada yake.

Ile iliyokushtua ni ombi la idhini, na kwa kweli ni la kawaida. Tokeni kama USDT iko ndani ya mkataba wake yenyewe, na mkataba wa soko hauwezi kuigusa mpaka uandikishe kwamba anwani fulani imeruhusiwa kuchukua kiasi fulani. Masoko mengi huomba kiasi kisicho na kikomo ili usilipe ada ya gesi, yaani ada ya kupitisha muamala kwenye mtandao, kwa idhini mpya kila ukirudi. Baadhi ya pochi hazikuandikii hata "Unlimited", zinakuonyesha nambari inayoanza na 1157920892 na kuendelea hadi tarakimu 78. Ukiiona hiyo usidhani ni hitilafu ya programu. Ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mkataba unaweza kuandika.

Tatizo la idhini ya namna hiyo ni kwamba haina tarehe ya kuisha. Imeandikwa kwenye mtandao wa BNB, haimo kwenye simu, kwa hiyo kujitoa hakuigusi, kufuta programu ya pochi hakuigusi, kununua simu mpya hakuigusi. USDT utakazoingiza mwakani kwenye anwani hiyohiyo nazo zimo ndani ya ruhusa ya leo.

Basi ukirudi kubadilisha hizo 50, fanya hivi. Kwenye skrini ya idhini, kama pochi inakuruhusu kuhariri kiasi, andika 50. Kisha nakili anwani inayoomba kuruhusiwa na uibandike kwenye BscScan. Juu ya ukurasa patakuonyesha kama ni mkataba au ni anwani ya kawaida ya mtu. Ikiwa ni anwani ya mtu, funga na uondoke, maana soko halali huomba idhini kwa ajili ya mkataba. Ikiwa ni mkataba, tazama umewekwa lini na una miamala mingapi. Mkataba wa jana unaojiita PancakeSwap ni wa tapeli. Na kitu kingine: BNB yenyewe haihitaji idhini ya aina hii. Siku ukiwa unauza BNB, halafu tovuti ikakuomba idhini ya USDT, jiulize USDT zinahusikaje.

Sasa kuna saini moja ambayo mimi naiogopa kuliko idhini ya kawaida, nayo ni ile isiyolipiwa gesi. Inaitwa "Permit". Watu wamezoea kwamba kitu kisicho na ada hakina madhara, kwa sababu kuingia tu kwenye dapu nyingi pia ni saini ya bure. Lakini "Permit" ni idhini kamili unayoisaini nje ya mtandao, kisha anayeipokea ndiye anayeipeleka kwa gesi yake mwenyewe. Utaitambua kwa vipengele vyake: "spender", yaani anayeruhusiwa, "value", kiasi, na "deadline", mwisho wa kutumika. Ujumbe wa kuingia hauna sababu ya kubeba vitu hivyo vitatu. Soko la Uniswap walipoleta Permit2 mwaka 2022, mtindo huo ukapanuka hadi kwa tokeni ambazo zenyewe hazina "Permit": unatoa idhini mara moja kwa mkataba wa Permit2, na baada ya hapo saini ya bure inatosha. Ni mtindo mzuri kwa mtumiaji, na tapeli naye anaupenda kwa sababu hiyohiyo. Ubaya zaidi, saini kama hiyo ikiwa haijatumika huioni kwenye orodha ya idhini zako. Ukishtuka kwamba umeisaini pasipofaa, usipoteze muda kutafuta kitufe cha kufuta. Hamisha tokeni kwenda anwani nyingine, sasa hivi.

Usidhani pia kwamba kuwa kwenye tovuti sahihi kunamaliza kazi. Desemba 2021 BadgerDAO, mradi wa kripto, ilipoteza takriban dola milioni 120 za watumiaji wake wakiwa kwenye tovuti yake halisi. Wadukuzi walipenyeza msimbo kwenye ukurasa, ukawa unaomba idhini ya ziada kwa anwani yao. Wakakusanya idhini kimyakimya, kisha siku moja wakavuna. Tarehe 14 Desemba 2023 ikawa zamu ya maktaba (msimbo wa kuazimwa na programu nyingine) ya kuunganishia pochi ya kampuni ya Ledger, ambayo dapu nyingi ziliitegemea. Iliyowekewa msimbo mbaya ilikuwa maktaba, na tovuti zilizoitumia zikaanza kuwaletea watumiaji maombi ya wizi, hata Revoke.cash, ambayo kazi yake ni kufuta idhini! Ndiyo maana nasisitiza kusoma skrini ya pochi hata ukiwa na uhakika wa anwani ya tovuti.

Hata hivyo anwani ya tovuti ihakikishe. Andika mwenyewe pancakeswap.finance, ihifadhi kwenye kivinjari, na usipite kwenye matangazo ya kulipia yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji. Ukikuta tokeni usiyoijua imeingia kwenye pochi na jina lake ni la tovuti, iache hapohapo. Na WalletConnect si programu ya kupakua kivyake, ni njia ya mawasiliano iliyomo tayari ndani ya pochi. Septemba 2024 kampuni ya Check Point ilieleza kuhusu programu bandia yenye jina hilo iliyokuwa Google Play, ikapakuliwa zaidi ya mara 10,000 na kuiba takriban dola 70,000.

Maneno yako 12 ya siri, yale yanayorejesha pochi yako, hayahusiki popote katika kuunganisha. Dapu ikiyauliza, ni wizi, hapana mjadala. Yakishavuja, kufuta idhini hakusaidii. Tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya na uhamishe kila kitu.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye akiba kidogo: usiunganishe kabisa pochi ya akiba. Fungua anwani nyingine ya kutembelea dapu, uipelekee kiasi cha shughuli ya siku hiyo tu. Anwani ya pili ndani ya pochi ileile inakukinga na idhini mbaya, lakini haikukingi maneno yakivuja. Kwa hiyo kama akiba ni ya maana, iwe na maneno yake.

Ukimaliza kubadilisha, fungua sehemu ya BscScan ya kukagua idhini za tokeni, uweke anwani yako, ufute usizozihitaji. Kufuta nako ni muamala, kunashusha kiasi kilichoruhusiwa hadi sifuri na kunalipiwa gesi kwa BNB. Kama kwenye anwani hiyo una USDT peke yake, anza kwa kuweka BNB kidogo, la sivyo hata ile idhini ya kwanza haitapita.